Ubeti ni Nyumba

Neno "ubeti" halitutoki midomoni. Harusini twasikia, "Mtungieni bwana harusi japo beti mbili." Katika maulidi, mtoto husifiwa kwa kuhifadhi beti kumi za kasida. Lakini je, umepata kujiuliza neno hili limetoka wapi?

Asili yake ni "bayt" ya Kiarabu, na maana yake ni nyumba. Ndilo lile lile lililomo katika Baitullahi, Nyumba ya Mwenyezi Mungu iliyoko Makka. Kwa Waarabu wa jangwani nyumba ilikuwa hema. Basi mwanachuoni Al-Khalil bin Ahmad, mwenye asili ya Oman, aliyeishi Basra katika karne ya 2 ya Hijra, alipoiweka elimu ya mizani ya mashairi, alitumia majina ya vitu vya hema: "sabab", yaani kamba, na "watad", yaani kigingi. Na nusu ya bayt huitwa "misraa", yaani upande mmoja wa mlango wenye pande mbili, mfano wa milango yetu ya Lamu na Unguja.

Neno lilipofika kwetu, nyumba iliongezwa vyumba. Bayt ya Mwarabu ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Ubeti wa utendi wetu una vipande vinne, kila kipande mizani 8. Vitatu vya mwanzo hulingana vina, na cha nne huchukua kina kimoja kinachoziunganisha beti zote, zikawa kama nyumba za mtaa mmoja.

Humo ndimo Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alimomwekea binti yake wasia mwaka 1858. Majumba ya mawe ya Pate yaliyokuwa na fahari, mengi leo ni magofu. Wasia ule ungali umesimama. Kwa nini? Nyumba isiyokaliwa huanguka. Yale majumba yalihamwa na wenyewe, bali beti hizi hukaliwa kila mama asomapo na mwana akasikiliza.

Basi tujihadhari. Mtoto anayeimba beti asiyoelezwa maana yake amesimama mlangoni, hajaingia ndani. Mkalishe mwanao usiku huu, umsomee ubeti mmoja tu, umfafanulie neno kwa neno. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakaaji wa nyumba hizi, wala si wapita njia. Amin.