Turubai la lori lisilovuja: jinsi ya kulikagua na kulitengeneza nyumbani kabla ya kuvuka Busia na Malaba

Mfanyabiashara wa nafaka anaponunua mahindi katika gombolola ya Sikuda, wilaya ya Busia upande wa Uganda, hupima kila gunia, huhesabu nauli na ushuru, na hupatana bei na mwenye lori. Kitu kimoja husahaulika mara nyingi, nacho ni turubai. Mzigo uliopakiwa ukiwa mkavu unaweza kufika mpakani ukiwa umelowa kwa sababu ya tundu dogo kuliko punje ya mtama.

Makala hii inaeleza aina za maturubai yanayotumika barabarani, namna ya kutambua yanapovuja, na jinsi ya kuyatengeneza nyumbani kwa vifaa vya kawaida.

Kwa nini unyevu ni hasara mpakani

Mavuno ya kwanza ya mahindi katika maeneo ya Busia na Tororo huwa kati ya Juni na Agosti. Mvua za msimu wa pili huanza karibu na wakati huo huo na kuendelea hadi Novemba. Kwa hiyo mahindi mapya husafiri wakati ambapo mawingu ya Ziwa Victoria hushusha mvua za ghafla mchana na jioni.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Aflatoksini, ambayo Tanzania huitwa sumukuvu, haitakiwi kuzidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu inayomea kwenye nafaka yenye joto na unyevu. Mvua ya saa moja haileti sumu papo hapo, lakini gunia lililolowa likikaa siku kadhaa chini ya turubai lenye joto huipa kuvu nafasi ya kumea. Kukausha mahindi baadaye huzuia kuvu isiendelee, ila sumu iliyokwisha kutengenezwa haitoki kwa jua, kwa kuosha wala kwa kupika.

Hatari hii si ya kudhaniwa. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika mashariki ya Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, likiwemo la kila mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu.

Wafanyabiashara wadogo wanaotumia hati rahisi ya asili ya bidhaa, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, wanapaswa kukumbuka kwamba hati hiyo huwasaidia kwenye ushuru tu. Mkaguzi akichoma gunia kwa bambo na kutoa punje zilizolowa, hati haitaokoa mzigo.

Tambua kwanza aina ya turubai

Kosa kubwa linalofanywa ni kupaka dawa kabla ya kujua kitambaa ni cha aina gani. Dawa inayofaa aina moja huharibu nyingine. Aina kuu ni tatu.

1. Turubai la pamba. Ni kitambaa kizito chenye nyuzi zinazoonekana. Nyuzi hizo zikilowa huvimba na kuziba matundu madogo, ndiyo maana hupumua likiwa kavu na kuzuia maji likiwa limelowa. Adui yake ni ukungu. Likikunjwa likiwa bichi, huoza.

2. Turubai la plastiki nzito, yaani kitambaa cha poliesta kilichofunikwa kwa PVC pande zote mbili. Ndilo linalotumika zaidi kwenye trela kubwa. Halinywi maji. Huvuja pale lilipochanika, lilipochubuka kwa kona za bodi, au mshono ulipoachia.

3. Turubai jepesi la plastiki iliyofumwa, ambalo mara nyingi huwa la buluu. Jua hulifanya likatike. Likianza kutoa unga au vipande vidogo linapokunjwa, hakuna dawa ya kulirudisha. Ni kulibadilisha.

Njia rahisi ya kutofautisha ni tone la maji. Kwenye PVC maji huteleza tu. Kwenye pamba yenye dawa maji hukaa kama shanga, na kwenye pamba iliyokwisha dawa hunywewa na kuacha doa jeusi.

Kutafuta tundu

Kazi hii huhitaji watu wawili na chaki. Turubai hufungwa juu ya lori tupu mchana wa jua. Taniboi huingia ndani na kuangalia juu. Kila mahali mwanga unapopenya huwekwa alama ya chaki. Baada ya hapo mtu wa nje humwaga maji juu kwa muda wa dakika 10 hadi 15, akianzia sehemu za chini na kupanda juu, ili ijulikane hasa maji yanapoingilia.

Mara nyingi itaonekana kwamba kitambaa chenyewe ni kizima. Panapovuja ni kwenye mishono, kwenye mikunjo ya kila siku, kuzunguka pete za chuma za kamba, na mahali turubai linapolalia kona za bodi.

Kutengeneza turubai la PVC

Sehemu iliyochanika huoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida, hukaushwa, kisha hufutwa kwa spiriti. Kiraka hukatwa kutoka PVC ya aina ile ile, kikizidi mpasuko kwa sentimita 5 kila upande. Kona za kiraka hukatwa kwa mviringo, kwa kuwa kona kali huanza kubanduka mapema. Gundi ya PVC hupakwa pande zote mbili kufuata maelezo ya kopo, na kiraka husuguliwa kwa chupa kuanzia katikati kwenda nje ili hewa itoke. Turubai huachwa bila kukunjwa kwa saa 24.

Gundi ya pancha na vipande vya tyubu havifai. Vimetengenezwa kwa ajili ya mpira, na kwenye PVC hubanduka baada ya jua la siku chache. Mafundi wenye mashine ya hewa moto huunganisha kiraka kwa kuyeyusha, na njia hiyo hudumu zaidi kuliko gundi.

Kutengeneza turubai la pamba

Turubai hutandikwa, hupigwa brashi kavu kuondoa vumbi, kisha huoshwa kwa maji baridi. Sabuni ya unga haitumiki, kwa sababu huondoa dawa iliyobaki na kuvuta maji ndani ya kitambaa. Likishakauka kabisa, matundu hushonwa viraka vya pamba kwa uzi mzito uliosuguliwa nta ya nyuki. Mishono yote, mipya na ya zamani, husuguliwa nta hiyo pia.

Dawa ya kienyeji iliyozoeleka ni nta ya mshumaa na tapentaini. Nusu kilo ya nta hukwaruzwa vipande vidogo na kutiwa katika lita 4 za tapentaini. Kopo huwekwa ndani ya beseni la maji ya moto, nje ya nyumba na mbali na moto, hadi nta iyeyuke. Kopo hilo lisiwekwe juu ya jiko hata kwa dakika moja, wala pasiwe na sigara karibu, kwa kuwa mvuke wa tapentaini hushika moto haraka. Mchanganyiko hupakwa kwa brashi juu ya kitambaa kikavu siku ya jua, upande wa nje, tabaka moja jembamba. Turubai huanikwa siku mbili au tatu. Lisifunike nafaka, unga au chai mpaka harufu iishe, kwani chakula huvuta harufu. Turubai lenye nta hushika moto kwa urahisi, hivyo lisiguse bomba la moshi.

Asiyetaka tapentaini anaweza kutumia shabu. Kitambaa hulowekwa kwenye maji yenye sabuni ya mche iliyoyeyushwa, hukamuliwa, kisha hupitishwa kwenye maji yenye shabu. Sabuni na shabu hukutana ndani ya nyuzi na kuwa kitu kisichoyeyuka kwa maji. Njia hii ni ya siku nyingi na haina hatari ya moto, ila huhitaji kurudiwa mara kwa mara.

Pikapu na Land Rover zenye paa la kitambaa cha pamba hutengenezwa kwa utaratibu huo huo. Dirisha la plastiki lifunikwe kwanza kwa gazeti, maana tapentaini hulifanya kuwa na ukungu.

Oil chafu haifai

Wapo wanaopaka oil iliyotolewa kwenye injini. Ni kweli kwamba maji huteleza kwa muda. Lakini oil hiyo hubeba chembe za madini na masizi, hudondoka juu ya magunia kunapokuwa na joto, na hulainisha PVC isivyotakiwa. Mzigo wa chakula wenye doa la oil haununuliwi.

Kufunga mzigo

Turubai zuri likifungwa vibaya huvuja vile vile. Magunia ya katikati yapangwe juu zaidi ili maji yateremke pande zote mbili badala ya kufanya bwawa. Maturubai yakiwa mawili, la nyuma hutandikwa kwanza na la mbele hulilalia, kama mabati ya nyumba, ili upepo wa safarini usiingize mvua. Kona za bodi zifungwe vipande vya gunia. Chini pia pawekwe turubai kuukuu au mbao, kwa kuwa matairi hurusha maji juu.

Jambo la mwisho hupingana na mengine: turubai lisiloingiza maji pia halitoi maji. Mahindi yaliyopakiwa yakiwa mabichi hutoa jasho, na jasho hilo hudondoka kutoka juu kama mvua. Turubai halikaushi nafaka. Lori likisimama muda mrefu, na mzigo hauna lakiri, pembe zifunguliwe wakati wa jua. Mwaka 2020, wakati madereva walipopimwa virusi vya korona, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita na malori yalikaa siku nyingi. Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, na ukaguzi wa nchi mbili hufanyika pamoja, lakini foleni bado hutokea.

Mzigo wenye lakiri ya forodha ukianza kuvuja, dereva asikate lakiri wala asifungue kamba. Afike kwa ofisi ya forodha iliyo karibu na kutoa taarifa ili turubai lifunguliwe mbele ya ofisa. Kiraka kisichoshonwa vizuri au pete iliyong'oka huweza pia kuchukuliwa kama njia ya kutolea mizigo kwa siri, na hilo ni tatizo kubwa kuliko mvua.

Ukaguzi wa turubai huchukua asubuhi moja. Ni vyema ufanyike kabla ya msimu wa mvua, na tena kila baada ya safari iliyokumbwa na dhoruba. Turubai likaushwe ndipo likunjwe, na mikunjo ibadilishwe kila mara ili lisichakae mstari mmoja.