Jumapili ya Katoni

Aprili 2018 nilifika Hong Kong kuishangilia Shujaa, timu yetu ya raga ya wachezaji saba. Nauli ilikuwa imenimaliza, kwa hivyo nikalala Chungking Mansions, jengo kuukuu la ghorofa 17 upande wa Kowloon ambako wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia wakija kununua simu. Kwenye foleni ya lifti nikasikia Kiswahili cha Dar kikilalamikia bei ya mzigo. Nikajiambia, aah, hapa si mbali sana.

Uwanjani ndipo nilipohisi ugeni. Jukwaa la kusini, ambako aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, lilijaa wazungu waliovalia kama mapadre, kama ndizi, kama polisi, bia mkononi tangu asubuhi. Wengi hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa benki, mawakili, walimu, wote wakaazi wa mji huo. Mskoti mmoja kando yangu alisema “sisi wenyeji” bila hata kutabasamu. Wachina, ambao mjini ni zaidi ya watu tisa kwa kila kumi, pale kwetu walikuwa wa kuhesabika.

Historia inaeleza. Mashindano haya yalianza 1976 kwenye uwanja wa Hong Kong Football Club, Happy Valley, mji ukiwa bado koloni la Mwingereza. Mwenyekiti wa chama cha raga alikuwa Tokkie Smith, mfanyabiashara kutoka Afrika Kusini. Pesa zikatoka kwa kampuni ya sigara, Rothmans, na shirika la ndege, Cathay Pacific. Mwaka 1982 yakahamia uwanja wa serikali, So Kon Po. Kwetu pia raga ilianza hivyo, Nondescripts na Harlequins vikiwa vilabu vya walowezi. Tofauti ni kwamba sisi tuliwanyang'anya mpira.

Jumapili, siku ya fainali, nilivuka kwa feri hadi Central. Chini ya jengo la HSBC nikakuta wanawake wengi ajabu wameketi juu ya katoni zilizokunjuliwa, viatu vimepangwa pembeni. Nilidhani ni mgomo. Kumbe ni wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino, wako mapumzikoni: wanakula wali, wanachezesha karata, wanafunga masanduku ya kutuma kwao. Sheria inawataka walale kwa mwajiri, sasa siku ya kupumzika waende wapi?

Mama mmoja akanikaribisha. “Bwana, wewe ni mchezaji?”

Na kitambi changu hiki! Nikavua viatu, nikaketi.

Serikali ya Marcos iliweka usafirishaji wa vibarua katika sheria ya kazi ya 1974, na ni katika muongo huo wanawake hawa walipoanza kufika Hong Kong, sawa na raga ya wachezaji saba. Mwaka huo wa 2018 wafanyakazi wa nyumbani wa kigeni, pamoja na Waindonesia, walikuwa zaidi ya 300,000. Mgeni wa benki akikaa miaka 7 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Wao hapana. Evangeline Vallejos, aliyefika 1986, alipeleka kesi yake hadi mahakama ya juu kabisa, akashindwa Machi 2013.

Lakini siku moja katika saba ni yao kisheria, na hapo ndipo moyo uliponibana. Dada yangu alikuwa Jeddah mwaka wa pili, analea watoto wa watu, pasipoti iko kabatini kwa mwajiri. Nilikuwa nimeketi pale nikiwahurumia watu ambao yeye angewaonea wivu. Nikamwonyesha yule mama picha yake.

“Ofu yake ni siku gani?” akauliza.

“Hana.”

Hakusema kitu. Akanifungia wali kwenye karatasi, akaniwekea na samaki.

Jioni Fiji walitufunga 24–12. Mskoti akaninunulia bia, akanipiga bega. Usiku dada akatuma ujumbe wa sauti, ananong'ona: “Tulishinda?” Nikamwambia matokeo, nikamtumia picha ya akina mama na katoni zao.

Jibu lilikawia. “Hawa wote wametoka saa moja? Na watoto wameachiwa nani?”