Barua Taka katika Seva za Vikoa, Hususan Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Barua taka ni barua pepe zinazopelekwa kwa wingi kwa watu wasioziomba, aghalabu kwa nia ya kuuza, kulaghai au kupenyeza programu haribifu. Na zinapokilenga kikoa, yaani jina la mtandaoni ambalo shule, kanisa, duka au chama cha akiba na mikopo kimelisajili liwe lake, mzigo wake huiangukia kwanza seva ya barua, ambayo sharti iamue, kabla msomaji hajajua lolote, nani apokewe na nani akataliwe.

Asili ya taabu hii ni kongwe. Mnamo Novemba 1975 Jon Postel, mmoja wa waasisi wa mtandao, aliandika waraka mfupi akitahadharisha kuwa kompyuta haikuwa na njia ya kuzikataa barua za mwenziwe mkorofi. Na tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, muuzaji wa kompyuta huko Marekani, akawapelekea watu karibu 400 tangazo moja kwa mkupuo. Hata hivyo itifaki ya SMTP, yaani kanuni za seva kupelekeana barua pepe, aliyoiandika Postel mwenyewe mwaka 1982 na ambayo ingali ikitumika, humsadiki kila abishaye hodi juu ya jina analojitajia, na hapo ndipo ulipo mzizi wa fitina.

Nchini Kenya vikoa vinavyoishia na .ke husimamiwa na shirika la KENIC tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na baada ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, hata mwenye karakana ya Kariobangi au shule ya chekechea ya Umoja, mitaa ya Eastlands, aliweza kuwa na anwani yenye jina lake. Wengi wao hawana seva yao. Hukodi nafasi katika seva moja pamoja na wateja wasiowajua, hivi kwamba mmoja akidukuliwa na kuanza kumwaga taka, anwani ya IP wanayoshirikiana, yaani namba ya seva hiyo mtandaoni, huingizwa katika orodha za waliopigwa marufuku, kama zile za Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, na barua za wote hukataliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa anayejaribu kuendesha seva nyumbani Donholm au Kayole: nyumba nyingi hutoka mtandaoni kwa anwani moja, na kompyuta moja yenye kirusi katika saiba ya jirani yatosha kumtia doa asiye na hatia.

Kosa lililo kubwa kuliko yote, kwa rai ya mwandishi huyu, ni ile tabia ya kuagiza kwamba barua yoyote iendayo kwa jina lolote ndani ya kikoa, hata lisilokuwepo, ipokewe na kutiwa katika sanduku moja, eti mteja asipotee akikosea tahajia. Wapelekaji taka hubahatisha majina kwa maelfu, na yote hujibiwa kwa ukarimu. Dawa yake ni kuorodhesha majina yaliyopo tu, na seva ijibu 550, msimbo wa kukataa, kwa mengineyo papo hapo, kabla barua yenyewe haijapokewa, mithili ya bawabu wa nyua za Buruburu amzuiaye mgeni langoni, wala hamwachi afike sebuleni ndipo aulizwe katokea wapi. Seva inayopokea kwanza kisha ikairudisha barua hufanya dhuluma ya pili, maana jina la mpelekaji aghalabu ni la kughushi, na marejesho humfikia mtu baki.

Ipo pia hila aliyoieleza Evan Harris mwaka 2003, ya kumwambia mpelekaji mgeni arudi baadaye: seva halali hurudi, taka nyingi hazirudi. Ila humchelewesha mfanyabiashara wa Gikomba anayengoja bei ya bidhaa. Vichujio vya maneno, kama SpamAssassin iliyoanza mwaka 2001 na ambayo kwa kawaida huihesabu barua kuwa taka ikifikisha alama 5, kanuni zake nyingi zilitungwa kwa kutazama Kiingereza. Ulaghai ulioandikwa kwa Kiswahili, seuze Sheng, hupenya mpaka mwenye seva akifunze kichujio kwa mifano yake mwenyewe.

Ili jina lake lisighushiwe, mwenye kikoa hutangaza katika DNS, daftari la umma la majina ya mtandaoni, kwa SPF ni seva zipi zina idhini ya kulitumia, hutia sahihi kwa DKIM, na kwa DMARC huagiza barua zisizopita ukaguzi huo zifanyweje. Tangu Februari 2024 Google huyadai yote matatu kwa wanaopeleka Gmail barua 5,000 au zaidi kwa siku, na Yahoo kwa wapelekao barua kwa wingi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo yakataza kuzitumia taarifa za mtu kibiashara bila ya ridhaa yake ya wazi au idhini ya sheria, ijapokuwa haimfikii kwa wepesi mpelekaji aliye ng'ambo.

Inayobaki kuwa ngumu ni ankara ya uongo, barua moja tu iliyotoka katika sanduku la kweli lililoibiwa nywila, ikimwarifu mnunuzi kwamba nambari ya kulipia kwa M-Pesa imebadilika. Sahihi zake zote ni halali, hivyo seva huipitisha, na mhasibu hana budi kumpigia muuzaji kwa nambari ya simu aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika ankara.