Springi za Pikipiki na Gharama ya Kuishusha

Msomaji, ukiona pikipiki kubwa ya Kimarekani iliyoinama karibu na ardhi, utaipenda. Walakini yafaa ujue gharama ya umbo hilo.

Kampuni ya Harley-Davidson ilianza mwaka 1903 katika mji wa Milwaukee. Kwa miaka mingi gurudumu la nyuma la pikipiki zake kubwa halikuwa na springi. Mpandaji alitegemea springi za kiti tu. Mwaka 1949 gurudumu la mbele liliwekewa springi zinazotulizwa kwa mafuta, na mwaka 1958 la nyuma nalo likapata zake. Hapo mgongo wa mpandaji ukaona nafuu.

Lakini wengi walilitamani umbo la zamani. Mwaka 1984 kampuni hiyo ilitoa Softail, ambayo springi zake za nyuma zimefichwa, ili ionekane kana kwamba haina. Wengine huishusha zaidi kwa springi fupi, ili ipendeze, au ili miguu yao ifike chini.

Je, hupotea nini? Gurudumu huhitaji nafasi ya kupanda likutanapo na shimo. Nafasi ikipungua, springi hufika mwisho wake upesi, na pigo linalobaki hupokewa na uti wa mgongo. Tena katika kona vyuma vya chini hugusa barabara mapema.

Basi mtu mfupi ana haki ya kuishusha kidogo, akanyage chini kwa salama. Lakini anayeishusha mno kwa ajili ya macho ya watu, huirudisha nafuu iliyotafutwa kwa miaka 55.