Mto Uliohama

Niliingia Ciudad Juárez kwa miguu. Basi lilinishusha El Paso, upande wa Marekani, baada ya siku mbili za jangwa, nami nikatoa vijisenti langoni pa daraja la Santa Fe na kuvuka pamoja na wanawake waliobeba mifuko ya manunuzi. Katikati ya daraja nikasimama. Sisi watu wa visiwani, tukiambiwa kuwa mpaka wa nchi mbili ni mto, hujichorea maji mengi na mashua. Nilichokiona ni mfereji mpana wa saruji, na ndani yake kijito cha matope ambacho mtoto angeweza kukivuka.

Wamarekani huuita Rio Grande, yaani Mto Mkubwa. Wameksiko huuita Río Bravo, Mto Mkali. Mfasiri hapiti hapo bila kutua, na mimi, baada ya kuisoma historia ya mahali hapo, nimeegemea upande wa Wameksiko.

Mji huu ulianza mwaka 1659, padri Mfransisko García de San Francisco alipoweka misheni penye kivuko. Kanisa lake la udongo lingalipo hadi leo, ubavuni mwa kanisa kuu. Kwa karibu karne mbili palikuwa mji mmoja, Paso del Norte, na mto ulikuwa wa kumwagilia mizabibu. Vita vya Marekani na Meksiko vilipokwisha, mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 uliufanya mto huo kuwa mpaka. Jina la Juárez lilikuja mwaka 1888, kumuenzi Rais Benito Juárez, aliyekimbilia hapo wakati Wafaransa walipoivamia nchi yake.

Waliotia saini mkataba walisahau kwamba mto hautii saini. Mwaka 1864 yalikuja mafuriko, na mkondo ukasogea kusini. Kipande cha ardhi kiitwacho Chamizal, kilichokuwa Meksiko, kikajikuta upande wa El Paso. Wanasheria wakapata la kubishania: mto ukihama kidogo kidogo, mpaka huhama nao, ukiruka kwa ghafla, mpaka hubaki pale pale. Je, huu ulitambaa au uliruka? Mwaka 1911 tume ya usuluhishi, iliyoongozwa na mwanasheria wa Kanada, Eugène Lafleur, iliipa Meksiko sehemu ya ardhi hiyo. Marekani ikaikataa hukumu.

Miaka miwili kabla, tarehe 16 Oktoba 1909, Rais Taft na Rais Porfirio Díaz walikuwa wamekutana katika miji hii miwili, na Chamizal ikatangazwa kuwa si ya yeyote kwa siku ile. Upande wa Juárez walikutana katika jumba la forodha, ambalo sasa ni makumbusho ya Mapinduzi. Forodha kwa Kihispania ni aduana, tamko lililotoka katika Kiarabu cha Andalusia, ad-diwan. Ndilo hilo hilo lililotufikia sisi kwa bahari nyingine, likawa kitabu cha mashairi! Nikacheka peke yangu mlangoni, na mlinzi akanitazama kwa shaka. Díaz hakudumu. Mei 1911 wapiganaji wa Madero waliuteka mji huu, huku watu wa El Paso wakitazama vita kutoka juu ya mapaa yao, na mwezi haukwisha kabla mzee huyo hajajiuzulu.

Daraja nililopita kwa vijisenti lina habari yake pia. Mwaka 1917 wafanyakazi kutoka Juárez walilazimishwa kuogeshwa kwa petroli kabla ya kuingia El Paso, ati kwa kuhofia chawa na homa ya tifasi. Tarehe 28 Januari, Carmelita Torres, mtumishi wa nyumbani mwenye umri wa miaka 17, alikataa na kuwashawishi abiria wenzake washuke kwenye tramu. Wanawake kwa maelfu wakaliziba daraja. Walikuwa na sababu ya kuogopa: mwaka uliotangulia, wafungwa katika jela ya El Paso waliungua hadi kufa baada ya bafu kama hilo. Ghasia zilizimwa, na bafu likaendelea kwa miaka mingi.

Ugomvi wa Chamizal ulimalizwa kwa mkataba wa mwaka 1963. Meksiko ilipata takriban hekta 177, na mto ukatiwa katika mfereji wa saruji ili usihame tena. Oktoba 1967 Rais Johnson na Rais Díaz Ordaz walikutana kuhitimisha jambo hilo. Vitabu husifu, na ni haki: ni nadra dola kubwa kurudisha ardhi. Lakini watu wapatao 5,600 walikuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo, wengi wao raia wa Marekani wenye asili ya Meksiko, nao wakahamishwa.

Jioni, katika foleni ndefu ya kurudi, bibi mmoja aliyesimama mbele yangu alikivumilia Kihispania changu cha kamusi. Alikuwa msichana mdogo walipohamishwa. Nikamuuliza nyumba yao ilikuwa wapi. Alinyoosha kidole kupitia matundu ya waya wa daraja, akaonyesha kijito cha matope kule chini, kisha akausogeza mfuko wake mbele kwa mguu, maana foleni ilikuwa imesonga.