Usalama wa Taarifa katika Mpaka wa Busia
Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika wilaya ya Busia nchini Uganda, mpakani na Kenya, mahali palipokuwa na chuo cha zana za kilimo, kilizaliwa mwaka uleule M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipoanza nchini Kenya. Sadfa hiyo ina uzito, kwa kuwa misingi mitatu ya usalama wa taarifa, yaani usiri (asiyehusika asisome), uadilifu (taarifa isibadilishwe kinyemela) na upatikanaji (mwenye haki aipate anapoihitaji), huenda ikaeleweka upesi kwa mwanafunzi aliyezoea kuficha namba yake ya siri kwenye kibanda cha wakala. Sheria za kulinda misingi hiyo zilifuata kwa mwendo usiolingana: Uganda ilitunga ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 2011, ilhali Kenya, iliyotegemea vifungu vya sheria ya mawasiliano, ilitunga yake mwaka 2018.