Ushahidi: programu ya Kenya iliyofika Kivu wakati wa vita vya 2008

Mwisho wa Desemba 2007, fujo zilizuka Kenya kisha matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa. Tarehe 30 serikali ikakataza redio na televisheni kutangaza moja kwa moja. Watu walikuwa wanauawa Bonde la Ufa na Kisumu, na mtu wa kijiji cha pili hajui kama njia iko salama.

Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya aliyekuwa anaandika habari kwenye intaneti, akauliza tarehe 3 Januari 2008: nani, kati ya wajuzi wa kompyuta, anaweza kutengeneza ramani ya mahali fujo zinapotokea? Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich wakaitika. Kwa siku chache ramani ikawa tayari. Raia alieleza nini kimetokea, wapi na lini, na alama ikawekwa pale. Wakaiita Ushahidi, jina ambalo hakuna mtu wa Kivu aliyehitaji kutafsiriwa.

Baadaye waliitengeneza upya kuwa programu huria: kila mtu aichukue bure, aone namna ilivyoandikwa, aibadilishe kwa mahitaji ya kwake.

Toleo hilo lilikuwa lingali la majaribio lilipoletwa Congo, Novemba 2008. CNDP ya Laurent Nkunda ilikuwa imekaribia Goma, na kambi la Kibati limejaa wakimbizi. Huko Kiwanja, teritware ya Rutshuru, tarehe 4 na 5 ya mwezi huo, watu wasiopungua 150 waliuawa kwa hesabu ya Human Rights Watch. Kituo cha askari wa MONUC kilikuwa umbali usiofika kilometa moja. Wakubwa wao walieleza baadaye kwamba hawakuwa hata na mkalimani anayejua lugha za wakaaji.

Kwa hiyo ukosefu wa ramani haukuwa shida ya kwanza. Kilio kilikuwa mlangoni, na aliyekisikia hakuelewa maneno yake. Upande wa raia, kutuma ujumbe kulitaka simu yenye chaji, rezo na yunite, vitu ambavyo mtu anayekimbia na watoto mgongoni huwa navyo kwa bahati. Na kulikuwa na woga, woga wa haki kabisa: ramani iliyo wazi kwa wote, mwenye silaha naye anaisoma. Ujumbe unaotaja nyumba ya jirani aliyeona mambo unaweza kumuua jirani huyo. Kutaja mtaa na saa kunatosha. Majina yabaki kando, na ujumbe ufutwe kwenye simu kabla ya kufika kizuizini.

Tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010 liliikuta programu ile ile imekomaa. Safari hii kulikuwa na namba fupi, 4636, na kutuma hakukulipiwa. Redio zilizobaki hewani ziliitangaza. Watu waliandika kwa Kikrioli chao. Wahaiti wa ng'ambo wakatafsiri kwa dakika chache, na wanafunzi wa Boston, Marekani, wakatafuta barabara iliyotajwa na kuitia alama kwenye ramani, ili waokoaji wajue wapi pa kwenda.